Mkeka uliochanwa na timu moja: Kwa nini ubongo haukubali kwamba umeliwa

JUMAPILI usiku, vijiwe vingi vinakijua kilio hiki. Mkeka ulikuwa na mechi kumi. Tisa zimetiki tangu Jumamosi. Imebaki moja tu, timu kubwa iko nyumbani, odi ndogo, ile mechi ambayo kila mtu aliiweka kwa sababu "hiyo ni ya bure". Dakika ya 88 timu inaongoza bao moja. Dakika za nyongeza inapigwa kona, kichwa, wavu unacheza, sare. Simu inatupwa mezani. "Kaka, moja tu! Moja tu imenichania!"

Kilio si cha ajabu. Cha ajabu ni kinachofuata. Huyu jamaa amepoteza hela ileile ambayo angeipoteza kama angekosea mechi zote kumi. Kampuni haimlipi hata shilingi kwa hizo tisa alizopatia. Lakini haondoki kijiweni kama mtu aliyepoteza, anaondoka kama mtu aliyekaribia. Jumanne Ligi ya Mabingwa Ulaya inarudi, na kichwani mkeka mpya umeshaanza kusukwa.

Wazee wataita tamaa. Wahubiri wataita dhambi. Wenyewe wanaobeti wanasema "ipo siku". Wote wana lao, lakini kuna maelezo mengine ambayo kurasa za michezo huyagusa mara chache, ingawa yanahusu kitu kinachotokea ndani ya kichwa cha kila shabiki na kila mchezaji mpira unapochezwa. Kitu chenyewe kinaitwa dopamini.

Kwanza kuna uongo mmoja wa kuondoa. Dopamini imepewa jina la "kemikali ya raha", na mitandaoni kila mtu ni mtaalamu wake. Jina hilo linapotosha. Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwawekea panya nyaya ndani ya ubongo, na panya akawa anabonyeza mwenyewe kijiti cha kuwasha umeme huo, mamia ya mara kwa saa moja. Wengi wakaamini kwamba pale ndipo raha inapokaa. Baadaye Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan akaonyesha kwamba habari si nyepesi hivyo. Panya walioondolewa dopamini karibu yote waliendelea kuonyesha usoni kwamba sukari ni tamu wakiwekewa mdomoni. Utamu waliusikia. Walichokosa ni msukumo wa kwenda kuifuata sukari yenyewe, na chakula kikiwa mbele yao wangekufa njaa.

Kwa hiyo kupenda kitu na kukitaka kitu ni mambo mawili, na dopamini iko zaidi upande wa kutaka. Muulize mtu aliyebeti miaka mitano kama bado anafurahia. Wengi watakwambia hapana, hawafurahii tena. Halafu watakuuliza mechi za kesho zinaanza saa ngapi.

Nyani, juisi na taa

Aliyefungua mlango wa jambo hili ni Wolfram Schultz, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi kabla ya kuhamia Cambridge. Alirekodi seli za dopamini za nyani wakati nyani wanapewa matone ya juisi. Mwanzoni seli ziliwaka juisi ilipofika. Hilo halikumshtua mtu. Kisha ikawekwa taa: taa inawaka kwanza, juisi inafuata. Nyani alipozoea mpangilio huo, seli ziliacha kuwaka kwa juisi. Zikawa zinawaka kwa taa. Na siku taa ilipowaka halafu juisi isije, seli zilinyamaza, zikashuka chini ya kawaida yake, tena kwa wakati uleule ambao juisi ilipaswa kufika.

Maana yake ni kwamba seli hizi hazipimi zawadi. Zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Ukipata zaidi ya ulivyotegemea, zinapanda. Ukipata ulichotegemea, kimya. Ukikosa, zinashuka. Kupanda na kushuka huko ndiko ubongo unakotumia kujifunza nini cha kurudia na nini cha kuacha. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walichapisha makala iliyounganisha seli hizo na hesabu ambazo watu wa kompyuta walikuwa wakizitumia kuzifundisha mashine. Mwaka 2017 Schultz, Dayan na Ray Dolan walipewa Tuzo ya Ubongo, ambayo thamani yake ilikuwa euro milioni moja.

Shabiki wa mpira anaielewa hesabu hii bila kwenda maabara. Timu yako kubwa ikiifunga timu ya mkiani mabao matatu, mnaondoka uwanjani mnalaumu kwamba zilipaswa kuwa tano. Timu ndogo ikipata sare ugenini kwa vigogo, basi zima linaimba njia nzima hadi nyumbani. Matokeo na matarajio vimepishana, na ubongo umelipwa kwa kile kilichopishana.

Miaka sita baada ya makala ile, mwaka 2003, Schultz na wenzake Christopher Fiorillo na Philippe Tobler walitoa jambo jingine ambalo kila mwenye duka la kubeti angepaswa kulitundika ukutani. Walibadilisha uhakika wa juisi. Kuna taa iliyoleta juisi kila mara, kuna ambayo haikuleta kabisa, na kuna za katikati. Katika ule muda wa kusubiri, kati ya taa na juisi, seli za dopamini zilikuwa zikipanda polepole, na zilipanda zaidi pale ambapo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Yaani kusubiri kitu usichokijua kunaziamsha seli kuliko kusubiri kitu cha uhakika.

Hapo ndipo penye mpira wenyewe. Mchezo wenye mabao machache, ambao timu mbovu inaweza kushinda kwa kona moja, dakika 90 za kutojua, pamoja na nyongeza. Hakuna haja ya kumdanganya mtu ili akae kwenye kiti. Mpira umejengwa hivyo toka zamani, na kubeti kumekuja kukaa juu yake kama kupe.

Hesabu ya mkeka

Sasa turudi kwenye mkeka wa mechi kumi, maana una siri ambayo wengi hawajawahi kuipigia hesabu. Chukua mfano rahisi. Tuseme umechagua timu kumi nzuri sana, na kila moja ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda. Ni mkeka wa mtu makini huo. Nafasi ya zote kumi kushinda ni kama 3 kati ya 100. Lakini nafasi ya kuchanwa na timu moja kamili ni kama 12 kati ya 100, na ya kuchanwa na timu mbili ni kama 23.

Yasome tena. Kwa kila mara moja utakayolipwa, utachanwa na timu moja mara nne. Na zaidi ya theluthi moja ya mikeka yako yote itakufa kwa timu moja au mbili. Huyo anayelia "moja tu" anadhani ameonewa na zali. Hakuna zali lolote. Mkeka mrefu kwa asili yake ni mtambo wa kutengeneza "karibu". Na mechi zikiongezwa, "karibu" kwa kila mkeka mmoja unaolipa zinazidi kuongezeka.

Kuna ubaya gani katika "karibu"? Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo huku wakicheza mchezo mfano wa zile mashine za picha zinazozunguka. Picha zikikosana kwa hatua moja tu, wachezaji walisema hawakuipenda hali hiyo, waliichukia kuliko kukosa kwa mbali. Lakini papo hapo walisema hamu ya kuendelea kucheza imeongezeka. Picha za ubongo nazo zikaonyesha kwamba kukosa kwa karibu kuliwasha sehemu zilezile zinazowaka mtu anaposhinda. Hamu hiyo iliongezeka pale ambapo mchezaji alikuwa amechagua picha mwenyewe. Kompyuta ilipomchagulia, "karibu" haikuwa na nguvu hiyo.

Anayechagua mwenyewe ni nani kama si mtu wa mkeka? Amekaa na simu nusu saa, ameangalia msimamo, ameangalia majeruhi, ameangalia nani kocha mpya. Mkeka ukichanika kwa timu moja, ubongo hauuandiki kama hela iliyopotea, unauandika kama ushahidi kwamba mbinu ni nzuri ila imebaki kurekebisha kidogo. Kwenye mazoezi ya kupiga faulo, hisia hiyo ni ya kweli na ina faida: mpira uliogonga mwamba unakufundisha upunguze nguvu kidogo, na kesho utaingia. Mpigaji faulo anayekosa kwa inchi mbili yuko karibu kweli kuliko anayepaisha. Kwenye mkeka hakuna mwamba. Aliyekosa moja leo hana nafasi kubwa zaidi kesho kuliko aliyekosa sita. Ubongo, ambao ulikuwapo maelfu ya miaka kabla ya odi, hautofautishi.

Dawa iliyogeuza watu

Mtu mbishi anaweza kusema haya yote ni ya nyani na panya, na picha za ubongo unaweza kuzisoma utakavyo. Haki yake. Lakini kuna ushahidi mmoja ambao ni mgumu kuupinga, nao umetoka hospitalini.

Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, unatokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini. Baadhi ya dawa zake huiga kazi ya dopamini. Mwaka 2005, madaktari wa Mayo Clinic kule Minnesota, Marekani, waliripoti wagonjwa 11 wa Parkinson waliokuwa wameingia kwenye kamari kupindukia. Tisa kati yao walikuwa wakitumia dawa moja, pramipeksoli. Wale waliofuatiliwa, dawa hizo zilipopunguzwa au kusimamishwa, kamari ikaisha. Tangu hapo tafiti nyingi zimekuta hali hiyohiyo, na leo madaktari hutakiwa kuwaonya wagonjwa na familia zao kabla ya kuanza dawa za aina hiyo.

Watu wazima, wenye familia, wengine hawakuwa na habari na kamari maisha yao yote. Kidonge kikawaingiza, kidonge kilipoondoka nao wakatoka. Ni vigumu kuendelea kusema kwamba anayeshindwa kuacha hana adabu tu.

Michael Frank, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Colorado, alikuwa ametoa kipande kingine mwaka mmoja nyuma. Wagonjwa wa Parkinson wasio na dawa mwilini walijifunza vizuri zaidi kutokana na makosa. Wakishakunywa dawa mambo yaligeuka: walijifunza kutokana na ushindi, na makosa hayakuwaingia. Yaani dopamini ikijazwa mno, ule mshuko unaosema "hapa umekosea, usirudie" hausikiki tena. Mtu anakumbuka mikeka yake miwili iliyolipa, anakuonyesha hadi picha kwenye simu. Ile iliyochanika hana picha yake hata moja.

Toney na Tonali

Mei 2023, Chama cha Soka England kilimfungia Ivan Toney miezi minane. Alikuwa straika wa Brentford, msimu huo ametupia mabao 20 kwenye ligi. Makosa 232 ya kubeti. Hukumu yenyewe ilieleza kwamba adhabu ingekuwa miezi 11, ikapunguzwa kwa sababu mtaalamu wa magonjwa ya akili alimkuta na uraibu wa kamari. Miezi mitano baadaye ikawa zamu ya Italia. Nicolò Fagioli wa Juventus alipigwa miezi saba nje, na Sandro Tonali, ambaye Newcastle ilikuwa ndiyo kwanza imemnunua kutoka AC Milan, akapigwa miezi kumi. Adhabu ya Tonali kwa jumla ilikuwa miezi 18, minane kati yake ikabadilishwa kuwa tiba na kwenda kuzungumza na vijana, mara zisizopungua 16. Baadaye Waingereza nao wakamkuta na kesi ya kubeti mara 50 akiwa tayari Newcastle.

Swali la kijiweni lilikuwa lilelile: mtu analipwa hela zile zote kwa wiki, anabeti ya nini? Swali linakosea mlango. Kama ni kuhusu hela, hakuna jibu. Kama ni kuhusu tofauti kati ya unachotarajia na unachopata, jibu lipo. Mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi. Ni ile juisi iliyozoeleka, seli ziko kimya. Mechi ya mwisho wa wiki ndiyo inayowasha, lakini ni dakika 90, na siku zilizobaki ni hoteli, basi, kitanda na simu. Mchezaji wa daraja la juu amefika pale kwa sababu ubongo wake unakimbilia ushindani kuliko wa wengine. Ndicho kilichomtoa kitandani alfajiri akiwa na miaka 12. Usitegemee ulale kwa sababu kocha amesema leo ni mapumziko.

Haya hayamfuti mtu kosa. Toney alibeti kwenye mechi za klabu zake mwenyewe, na FIFA inawakataza watu wa mpira kubeti mpira kwa sababu inayoeleweka: shabiki akishaanza kushuku matokeo, mchezo umekwisha. Anayefungiwa amestahili. Ila kumfungia mtu na kumtibu ni kazi mbili, na Waitaliano angalau waliziandika zote mbili kwenye hukumu moja. Tonali alirudi uwanjani Agosti 2024, na Machi 2025 alikuwa katikati ya uwanja Wembley wakati Newcastle inaifunga Liverpool 2-1 na kubeba Kombe la Ligi. Toney naye aliporudi Januari 2024 alifunga kwa faulo dhidi ya Nottingham Forest, na Julai mwaka huohuo akaipigia England penalti dhidi ya Uswisi kwenye robo fainali ya Euro bila hata kuutazama mpira. Vipaji havikuwa vimeondoka.

Kifuani kwa nani?

Kwa upande wa huku, tatizo halianzii kwa wachezaji bali kwenye jezi. Julai 2017 Everton walitua Dar es Salaam, wakacheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa na kushinda 2-1, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali. Ilikuwa siku kubwa na watu hawakuisahau. Jina lililokuwa kifuani mwa Everton lilikuwa la kampuni ya kubeti, na mwaka huohuo jina hilohilo likakaa kwenye vifua vya Simba na Yanga. Hela hiyo imelipa mishahara, imesajili wachezaji, na kiongozi wa klabu anayeambiwa aikatae ana haki ya kuuliza nani ataleta nyingine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Lakini rudi kwa nyani. Taa ikishafungwa na juisi, seli zinawaka kwa taa. Mtoto wa miaka tisa aliyevaa jezi ya timu yake kila wikiendi, akaiona timu inashinda huku jina lile liko kifuani, ameshafundishwa taa. Umri wa kubeti kisheria ni miaka 18, na somo lake limeanza nusu ya muda huo kabla. Klabu za Ligi Kuu England zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa makampuni ya kubeti mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mikononi mwa jezi hayakuguswa, wala kwenye mabango ya pembeni ya uwanja. Huku kwetu mjadala huo nao unastahili kufunguliwa.

Kuna hatua ndogo ambazo hazingoji klabu wala serikali. Anayetaka kuacha anasaidiwa zaidi kwa kuondoa taa kuliko kwa kupewa mawaidha: programu itoke kwenye simu, meseji za ofa zifungwe, akaunti ifungwe, mechi itazamwe na watu wasioshika mikeka. Anayesema atabeti "kidogo tu, jero" ameiacha taa inawaka. Na kwa yule ambaye bado yuko ndani, kuna zoezi moja la bure. Achukue daftari, aandike kila mkeka, uliolipa na uliochanika, kiasi kilichotoka na kilichoingia, kwa miezi mitatu. Mikeka iliyochanwa na timu moja iandikwe kwenye safu ileile ya iliyochanwa na timu tisa.